Kidole Kimoja Tu

Waliosema chovya chovya humaliza buyu la asali hawakuwa wachoyo wa asali. Walikuwa watu waliowahi kuinua buyu wakalikuta jepesi, wakaulizana nani kalimaliza, na kila mmoja akaapa kwamba yeye alichovya kidogo tu. Na kila mmoja alisema kweli. Hapo ndipo penye ugumu wa methali hii. Haimsemi mlafi, maana mlafi hujulikana. Inatusema sisi wengine, wenye adabu zetu, tunaogusa kwa ncha ya kidole na kujiona hatujala kitu.

Palikuwa na nyumba moja ya vyumba vitatu, yenye jiko ambalo dirisha lake lilitazama kamba ya kuanikia nguo. Humo aliishi bibi mmoja mwokaji na mumewe fundi saa. Walikaa na binti yao fundi cherehani, na mwana wao fundi bomba pamoja na mkewe muuguzi. Mtoto katika nyumba hiyo alikuwa mmoja tu, binti wa huyo fundi bomba, mwenye miaka minane. Jina lake halisi lilikuwa limelala siku hizo. Meno yake mawili ya mbele yaling'oka kwa mpigo mmoja, na babu yake akambandika jina la Kibogoyo.

"Babu, mimi yametoka mawili, wewe yametoka yote," mtoto alikuwa akimjibu. "Kibogoyo ni nani hapa?"

"Mimi yangu yamestaafu," Babu alisema. "Yako yametoroka."

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Bibi akiwa jikoni, hapiti mtu bila kuonja. Desturi hiyo aliileta Babu tangu siku za ujana wa ndoa yao, aliposema kwamba kumpita mpishi bila kuonja chungu chake ni sawa na kumpita mtu bila salamu. Maneno hayo yalimwingia Bibi moyoni, akayafanya sheria ya nyumba, ila akaiwekea mpaka: kidole kimoja. Watoto wao walilelewa hivyo na wakwe wakafundishwa hivyo. Ndiyo maana hakuna sufuria iliyowahi kufika mezani kwao ikiwa imejaa, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Basi ikatokea kwamba mwalimu wa darasa la Kibogoyo anastaafu. Jumatatu ingekuwa siku yake ya mwisho. Huyo ndiye mwalimu aliyekaa na mtoto huyo muhula mzima wakati wa mapumziko, wenzake wakicheza uwanjani, akimfundisha kusoma pole pole, silabi baada ya silabi, bila kumpigia kelele hata mara moja. Darasa lilipoulizwa nani ataleta nini siku ya kumuaga, Kibogoyo alinyoosha mkono mpaka akainuka kitini. Akasema ataleta biskuti zenye urembo wa sukari, moja kwa kila mwanafunzi, thelathini na sita, na moja kubwa kama kisahani kwa ajili ya Mwalimu mwenyewe.

"Huyu?" mwenzake mmoja akacheka. "Huyu husahau hata daftari lake!"

Mwalimu akamtazama mtoto, akasema, "Kama amesema ataleta, ataleta."

Kibogoyo aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai juu ya kijiko.

"Bibi, nimeahidi."

"Umeahidi kwa mikono ya nani?"

"Yako."

"Ahaa," Bibi akasema. "Nashukuru kwa taarifa."

Lakini alikuwa ameshaanza kutafuta kibao cha kusukumia.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, biskuti zilitoka kwenye joko zikiwa na rangi ya mchanga mkavu, kingo zake zimeiva bila kuungua. Bibi alizipanga juu ya waya zipoe. Kisha akaketi na mjukuu wake kutengeneza aisingi, yaani ule uji mzito wa sukari wa kupambia. Palikuwa na pakiti moja ya sukari laini kama poda, robo kilo, iliyonunuliwa Jumamosi katika duka pekee la mtaa huo lililouza sukari ya namna hiyo. Jumapili duka lilifungwa.

"Robo kilo inatosha," Bibi alisema. "Kijiko kimoja cha chai kwa kila biskuti, na vitatu kwa ya Mwalimu. Nimepima. Haizidi, haipungui. Sasa chekecha."

Kibogoyo akachekecha sukari ndani ya bakuli jeupe lenye ua la buluu lililochorwa chini kabisa. Akatia kijiko kimoja cha maziwa, akakoroga kwa mwiko mdogo. Sukari ikagoma, ikafanya mabonge kama udongo mkavu.

"Ongeza maziwa, Bibi?"

"Tone. Nimesema tone, si mto! Maziwa ukishayatia huwezi kuyaita yarudi."

Likaingia tone, na tone jingine, na matone matatu ya limau ili utamu usichoshe. Uji ukalainika, ukang'aa kama sahani iliyooshwa. Bibi akaonja, maana mpishi asiyeonja ni kipofu. Akaongeza tone la limau, akaonja tena aone kama limau limezidi. Halikuzidi. Akaonja kuhakikisha.

"Sasa inua mwiko, uuache uzi udondoke, uhesabu. Uzi ukipotea juu ya uji kabla hujafika kumi, ni mwepesi, utamwagika kwenye biskuti kama mtoto asiye na adabu. Ukizidi kumi, ni mzito, utakatika."

"Moja, mbili, tatu..." Uzi mweupe ulilala juu ya uji, ukazama pole pole. "Tisa, kumi! Umepotea, Bibi!"

"Umepatia. Funika kwa kitambaa chenye unyevu usije ukafanya ngozi. Biskuti bado zina joto, na ukipaka penye joto sukari inatoka jasho. Tungoje nusu saa. Nenda sebuleni ukunje karatasi za kupambia."

Kibogoyo akaenda kukunja karatasi ziwe kama pia, zenye ncha nyembamba ya kutolea aisingi. Alikunja kwa makini, ulimi ukichungulia pale penye pengo. Hakurudi jikoni hata mara moja. Bakuli likabaki peke yake mezani, limefunikwa, na nyumba ikaendelea na shughuli zake.

Nusu saa ilipopita, mtoto alikuja na karatasi zake nne mkononi. Bibi akaondoa kitambaa. Wote wawili wakalitazama ua la buluu. Lilionekana lote, majani na kikonyo. Aisingi ilikuwa imebaki pembeni pembeni, chini ya nusu, na juu yake palikuwa na mitaro, mipana kwa myembamba, kama shamba lililopigwa jembe na watu wasioelewana.

Mtoto hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, karatasi zikamwanguka, na machozi yakaanza kumtiririka kimya kimya. Afadhali angepiga kelele.

"Njooni hapa nyote!" Bibi aliita.

Wakaja. Babu alikuja na ile lensi yake ya kutazamia saa ikiwa bado juu ya kipaji. Shangazi mtu, yule fundi cherehani, alikuja na futi ya kupimia shingoni. Baba yake Kibogoyo alikuja akifuta mikono.

"Nani kala aisingi ya mtoto?"

Wakatazamana.

"Mimi kidole kimoja tu, Mama," Shangazi alisema. "Tena hiki cha mwisho, kidogo."

"Mara ngapi?"

"Mara moja nilipokuja kuchukua mkasi. Na nilipourudisha. Kisha nikasahau uzi."

"Mzee wangu, wewe?"

Babu akakohoa. "Mimi nilipita kunywa maji."

"Mara ngapi?"

"Leo kuna kiu, mke wangu."

"Mara ngapi?"

"Kiu kubwa," Babu alisema, na lensi ikamdondokea jichoni yenyewe.

Fundi bomba akajitetea kabla hajaulizwa. "Mimi sina hatia kabisa. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya mabomba, sikutia kidole hata kimoja. Nilitumia kijiko."

"Cha chai au cha kupakulia?"

Akazidi kuifuta mikono yake.

Ndipo Kibogoyo, palepale sakafuni, akainua uso. "Na wewe, Bibi?"

Bibi alifungua kinywa kujibu, akakumbuka. Aliyehesabu maziwa tone kwa tone hakuwa amejihesabu mwenyewe. Alionja maziwa, akaonja limau, akaonja kuhakikisha limau. Alipotoka kuanua nguo alipitia bakulini, na aliporudi na nguo akapitia tena, kwa sababu mkono uliokuwa huru ni wa kulia. Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na ukoko mdogo mweupe, umekauka vizuri, bila ufa, kama aisingi bora inavyotakiwa kukauka.

"Mimi mara tano," akasema kwa sauti ndogo. "Labda sita."

"Kila mtu ameonja," mtoto alisema. "Mimi sijaonja hata kidogo. Nilikuwa naogopa isitoshe. Mwalimu amewaambia wote kwamba nitaleta."

Maneno hayo yaliingia jikoni humo kama maji ya baridi shingoni. Shangazi akaketi sakafuni karibu naye, futi na vyote, akamvuta kifuani. Babu aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Itoe hiyo lensi jichoni, Mzee," Bibi alisema. "Au hapana, iache, tutaihitaji. Duka limefungwa, lakini sukari laini ni sukari hii hii iliyopondwa. Leteni kinu."

Kopo la sukari ya chai lilikuwa na kikombe kimoja na ushei. Yote ikaingia kinuni. Fundi bomba akatwanga mpaka shati likamganda mgongoni. Shangazi akaleta kipande cha kitambaa chepesi kama utando wa buibui, alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya gauni la mteja, wakachekechea humo. Kila punje iliyokataa kupita ilirudishwa kinuni. Babu alikaa mkuu wa ukaguzi, lensi jichoni, sukari kiganjani.

"Bado. Naiona moja hapa kubwa kama jiwe la kiberiti."

"Baba, hiyo nimeitwanga mara tatu!"

"Basi ina roho ngumu kama wewe. Twanga."

Sukari ilipokuwa laini, Bibi akaichanganya na kijiko cha wanga wa mahindi isigandamane. Kisha akawatazama watu wake mmoja mmoja. Aliwajua. Alijijua pia.

"Kila mtu achote maji kinywani," akaamuru. "Asimeze, asiteme, mpaka biskuti ya mwisho. Asiye na nafasi mdomoni haonji."

"Na wewe?" Babu akauliza.

"Nami pia."

Wakachota. Watu wazima wanne wakasimama kuzunguka meza, mashavu yamevimba kama vyura, kimya kama msikitini. Kibogoyo peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema. Alitia maziwa tone kwa tone, akainua mwiko, akahesabu kumi kwa sauti, na Bibi akatikisa kichwa kukubali. Biskuti kumi na nne alikuwa ameshazipamba kwa mabaki ya kwanza wakati sukari ikitwangwa. Sasa akaanza ya kumi na tano. Alizungushia ukingo kwanza, mstari mwembamba kama boma, kisha akajaza katikati, akasambaza kwa ncha ya njiti. Machozi yalishakauka. Mara mbili tatu alicheka, kwa sababu Babu alikuwa akiongea kwa mikono akidhani anaeleweka.

Ya kumi na sita. Ya ishirini. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mama yake, muuguzi, ametoka zamu, amesimama tangu alfajiri na hajatia kitu tumboni.

"Jamani, kunanukia uzuri!" akasema. "Hamjambo? Mbona hamjibu? Kuna nini?"

Akachukua kijiko palepale kwenye kibao.

"Mmm! Mmm!" Bibi alisema, mikono juu.

"Tamu? Najua ni tamu, Mama. Ngoja nionje."

"Mmmm!" fundi bomba alinguruma akimnyooshea mkewe kidole.

"Mama, usi—" Kibogoyo akaanza, lakini kijiko kilikuwa kimeshazama na kupanda kimejaa, kimeingia kinywani. Babu akashindwa kuvumilia. Akataka kupiga kelele, na maji yote yakaruka yakatua shingoni kwa mwanawe. Mwanawe akacheka, yakamtoka puani. Shangazi akakimbilia dirishani. Bibi peke yake ndiye aliyebaki na maji yake, macho yamemtoka.

"Lakini nimeonja kidogo tu!" muuguzi alisema, akishangaa. "Mara moja!"

Hakuna aliyemlaumu. Wangeanzia wapi?

Ya thelathini na sita ilipokamilika, bakuli lilikuwa limekombwa mpaka ua la buluu likang'aa. Biskuti kubwa ya Mwalimu ililala katikati ya meza, uchi, haina hata doa. Katika karatasi ya kupambia palibaki aisingi kiasi cha ncha ya kidole.

"Ni kile kijiko changu," muuguzi akasema pole pole, akaketi. "Mwanangu, nisamehe."

Fundi bomba akajaribu kutafuta njia. "Tufanye hivi. Tukwangue biskuti mbili tatu za wanafunzi, tumpambie Mwalimu yake."

"Hapana, Baba. Nilisema moja kwa kila mtu." Kibogoyo aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Na Mwalimu kila siku huanza na sisi kwanza."

Akaitazama biskuti tupu kwa muda mrefu, mrefu kiasi kwamba Bibi hatimaye alimeza maji yake. Kibogoyo alikuwa amepanga maua, na ukingo wa rangi ya waridi kwa maji ya kiazi cha biti, na jua lenye miale. Vyote hivyo vilikuwa matumboni mwa watu. Mtoto akainama, akabana karatasi, akachora duara moja. Karibu nalo akachora la pili. Akayaunganisha kwa kijistari kidogo, na huku na huku akavuta mkia mfupi. Karatasi ikatoa pumzi tupu. Yaliyobaki juu ya biskuti yalikuwa miwani, miwani ya Mwalimu, ile pana ambayo darasa zima liliijua.

Chai ya jioni hiyo ilinywewa bila sukari, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Jumatatu Bibi alimsaidia mjukuu wake kubeba sinia hadi shuleni, naye akapewa kiti nyuma ya darasa. Biskuti zikagawiwa. Thelathini na sita, hakuna aliyekosa, na yule aliyecheka siku ile alijilamba mpaka kiwiko. Kisha Kibogoyo akapeleka ile kubwa mezani kwa Mwalimu, akasimama, mikono nyuma.

"Haina maua," akasema. "Aisingi iliisha, Mwalimu. Nyumbani waliionja."

Mwalimu akaitazama biskuti. Akavua miwani yake, akailaza kando ya ile ya sukari, akazitazama zote mbili. Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka ikabidi afute macho kwa mkono wenye vumbi la chaki, na uso ukabaki na mistari myeupe.

"Miaka yote hii ya kazi," alisema, "sijawahi kuchorwa nikafanana. Hii siili. Sikilizeni nyote, hii siili! Nitaiweka kabatini kwangu, nikiwa kikongwe niwe naitazama."

Akaiweka mbele yake juu ya karatasi safi. Watoto wakaimba. Wimbo ulipokwisha, Mwalimu akamega chembe kwenye ukingo, pasipo na urembo, ili tu ajue ladha. Mtoto mmoja akasoma barua ya kwaheri, na Mwalimu akamega chembe nyingine kujizuia asilie. Mwalimu mkuu akaja na hotuba yake, nayo haikuwa fupi. Kule nyuma, Bibi aliona mkono wa Mwalimu ukienda na kurudi, taratibu, bila macho yake kuutazama. Mkia mmoja wa miwani ukaondoka. Kioo cha kulia kikaondoka. Kibogoyo akageuka akamtazama bibi yake. Bibi akaziba mdomo kwa upande wa kitambaa chake, mabega yakimtikisika.

Kengele ikalia. Mwalimu akanyoosha mkono kuichukua biskuti yake ya ukumbusho, vidole vikapapasa karatasi tupu. Akaangalia chini ya meza. Akalitazama darasa zima, akiwa na sukari kwenye kidevu.

"Mbona sielewi," akasema. "Mimi nilikuwa naonja tu."

Kibogoyo akamkumbatia kiunoni akicheka, na Mwalimu naye akamkumbatia, akimwachia alama ya mkono mweupe mgongoni. Hivyo ndivyo ilivyo, kwa mtoto na kwa mkubwa, kwa mlafi na kwa mwenye adabu zake: chovya chovya humaliza buyu la asali.